Fedha au shaba: kuchagua metali ya kutia rangi ndani ya kioo

Fundi anayetaka kukitia kioo rangi isiyobanduka, na ambaye hataki kuiyeyusha rangi hiyo pamoja na kioo tangu mwanzo, ana metali mbili za kuchagua: fedha, inayotoa manjano, na shaba, inayotoa wekundu. Wengi huchagua kwa kuangalia rangi peke yake, na makosa huanzia hapo. Kwa maoni yangu swali la kwanza linahusu moto: je, tanuri ulilo nalo linaweza kubadilishiwa hewa wakati kioo kikiwa ndani, au kazi yake ni kupasha joto tu? Fedha na shaba huingia kwenye kioo kwa mlango mmoja, lakini zikishaingia kila moja hudai malezi yake, na shaba ndiyo inayodai zaidi.

Kioo cha kawaida cha madirisha hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa. Kwa uzito, silika itokanayo na mchanga ni kama asilimia 72, na oksidi ya sodiamu itokanayo na magadi ni kama asilimia 13 au 14. Silika ndiyo mifupa ya kioo. Sodiamu imekaa katika nafasi zilizo baina ya mifupa hiyo, nayo haikushikwa kwa nguvu kubwa. Kioo kinapopashwa joto hadi nyuzi 550 au 600 za Selsiasi, hali bado ni kigumu au kimeanza kulegea kidogo tu, ioni za sodiamu, yaani atomi zake zenye chaji ya umeme, huwa na nguvu ya kuruka kutoka nafasi moja hadi nyingine. Iwapo juu ya kioo pamepakwa kitu chenye ioni za fedha au za shaba, ioni ya sodiamu hutoka na ioni ya metali hiyo huingia mahali pake, kama wapangaji wanaobadilishana vyumba bila kuvunja nyumba. Kwa hiyo si kweli kwamba metali huyeyuka na kuzama ndani ya kioo, kama baadhi ya mafundi wanavyosimulia. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 na shaba kwenye nyuzi 1085, na kazi yote tunayoizungumzia hapa hufanyika chini sana ya viwango hivyo.

Katika safari hiyo ya kuingia, fedha ina wepesi ambao shaba haina. Ioni ya fedha ina chaji moja kama ya sodiamu, na ukubwa wake unaukaribia ule wa sodiamu, hivyo hupita kwa urahisi. Shaba huwa na sura mbili. Ikiwa na chaji moja husafiri vizuri. Ikiwa na chaji mbili hunaswa na kioo na kwenda polepole. Hata hivyo, kwa metali zote mbili kina kinachofikiwa ni kidogo, kwa kawaida maikromita chache hadi makumi kadhaa, yaani chini ya unene wa unywele au karibu nao. Inafaa pia kukumbuka kanuni inayotokana na kazi ya mwanasayansi Mjerumani Adolf Fick ya mwaka 1855 kuhusu namna vitu vinavyoenea ndani ya vingine: mambo mengine yakibaki vilevile, ukitaka kina kiwe maradufu, muda lazima uwe mara nne. Joto nalo huharakisha safari kwa kiasi kikubwa mno kuliko muda. Fundi anayeona rangi yake imepauka na kuamua kuongeza dakika kumi huenda asione tofauti yoyote. Akiongeza nyuzi ishirini ataiona, na pengine ataijutia.

Kinachozitenga metali hizi mbili ni kile kinachofuata baada ya kuingia. Ioni ya fedha iliyokaa ndani ya kioo haina rangi. Ili manjano yaonekane, ioni hiyo lazima ipewe elektroni na kugeuka atomi ya fedha, kisha atomi nyingi zikutane na kuunda chembe zenye upana wa nanomita (sehemu za bilioni za mita) chache hadi makumi kadhaa. Chembe hizo hufyonza mwanga wa zambarau na samawati, hasa wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 400 hadi 420, na mwanga unaobaki ndio jicho huuona kuwa wa manjano. Chembe zikikua na kusongamana, rangi huelekea kwenye kaharabu na kahawia. Jambo la heri kwa fundi ni kwamba kioo chenyewe huwa na kitu cha kutoa elektroni hizo: chuma kidogo kilichotoka kwenye mchanga, au aseniki na antimoni katika vioo vya zamani, au bati katika vioo vya leo. Fedha, kwa hiyo, hupikwa na kioo chenyewe. Tanuri huleta joto tu.

Shaba haipewi huduma hiyo kwa ukarimu uleule. Ikiwa na chaji moja, haina rangi ya maana; ikiwa na chaji mbili, huleta kijani au buluu hafifu. Wekundu wa yakuti hupatikana tu pale shaba inapokuwa metali kamili katika chembe ndogo mno, ambazo hufyonza mwanga wa karibu nanomita 560 hadi 580. Kuifikisha hapo kunahitaji tanuri linyimwe oksijeni na kujazwa moshi, gesi ya mkaa au haidrojeni, ili gesi hizo ziinyang'anye shaba oksijeni yake hata ikiwa imeshazama ndani ya kioo. Moto huohuo uliokuwa msaidizi wa fedha sasa unatakiwa kuwa mkemia.

Kwa fedha, kazi ya mikono ni rahisi kuieleza. Kiwanja cha fedha, mara nyingi naitreti, kloridi au salfaidi, husagwa pamoja na udongo wa manjano wenye kutu ya chuma, kisha huchanganywa na maji au siki hadi kuwa rojo. Udongo huo hautoi rangi. Kazi yake ni kuibeba fedha na kuisambaza sawasawa. Rojo hupakwa kwenye kioo, huachwa likauke, na kioo huingizwa tanurini kwa joto la kati ya nyuzi 540 na 650, kutegemea mchanganyiko na aina ya kioo. Kikipoa, udongo uliokauka hufutwa kwa kitambaa chenye maji, na chini yake hutokea manjano angavu, laini kama kioo kilichozunguka, kwa sababu hakuna kitu kilichoongezwa juu. Anayeliona tendo hilo kwa mara ya kwanza hudhani amefuta kazi yake yote, hadi anapokiinua kioo kwenye mwanga.

Mafundi wa madirisha ya makanisa ya Ulaya waliipenda fedha kwa sababu maalumu. Kabla yake, kila rangi ilikuwa kipande chake cha kioo, na kila kipande kilizungukwa na ukanda wa risasi. Malaika mwenye nywele za manjano na uso mweupe alihitaji vipande viwili na mstari mweusi katikati. Fedha iliwawezesha kupaka nywele, taji na mduara wa nuru juu ya kipande kilekile kilichobeba uso. Dirisha linalotajwa mara nyingi kuwa la kwanza lenye tarehe iliyoandikwa ni la Le Mesnil-Villeman, Normandy, nchini Ufaransa, la mwaka 1313. Ipo hadithi kwamba siri hii iligunduliwa na Jakobo wa Ulm, mtawa aliyefariki Bologna mwaka 1491, baada ya kifungo cha fedha kudondoka kutoka kwenye nguo yake na kuangukia kioo kilichokuwa tanurini. Ni hadithi tamu, lakini tarehe zinaikataa: dirisha la Normandy lilikuwa tayari na zaidi ya karne moja na nusu alipofariki. Tena Wamisri walikuwa wametangulia mbali. Bilauri iliyopatikana Fustat, mji wa kale ulio ndani ya Kairo ya leo, ina jina la Abd al-Samad ibn Ali, aliyekuwa gavana wa Misri mwaka 773, na mapambo yake yalichorwa kwa mbinu hii ya kupenyeza metali kwa moto. Mafundi wa eneo hilo walitumia fedha na shaba zote mbili.

Anayetumia kioo cha viwandani cha siku hizi ana jambo moja la kujua ambalo fundi wa mwaka 1313 hakulihitaji. Tangu kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilipotangaza mbinu yake mwaka 1959, kioo cha madirisha hutengenezwa kwa kuelea juu ya bati lililoyeyuka, likiwa na joto la nyuzi elfu moja hivi mwanzoni na karibu nyuzi 600 mwishoni. Uso uliogusa bati hubaki na bati lililopenya ndani yake: nao ni mfano mwingine wa metali kuingia kwenye kioo kwa joto, safari hii bila mtu kuukusudia. Bati hilo ni mtoaji hodari wa elektroni, kwa hiyo fedha ikipakwa upande huo hutoa kaharabu nzito au hata kahawia, wakati upande wa pili hutoa manjano mepesi. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba anayepaka bila kujua yuko upande upi anacheza bahati nasibu. Kuutambua ni rahisi: chumbani penye giza, taa ya miali ya urujuanimno ya mawimbi mafupi, nanomita 254, hufanya upande wa bati utoe mng'ao hafifu wa kimaziwa. Taa hiyo si ya kutazamwa kwa macho wazi.

Fedha ina ukorofi wake pia. Ikipikwa kupita kiasi, chembe hukua mno, kioo huwa kama kimepakwa haradali, hupoteza uangavu, na wakati mwingine uso hung'aa kama metali. Naitreti ya fedha huunguza ngozi na kuacha madoa meusi ambayo hayatoki hadi ngozi yenyewe ibadilike. Tena rojo la fedha halipendi metali nyingine: brashi yenye kikuku cha chuma au kisu cha bati huanza kuchukuana nalo kabla halijafika kwenye kioo, kwa hiyo hutumika vyombo vya kioo, plastiki au mbao, na brashi zake hazitumiwi kwa rangi nyingine. Ndani ya tanuri nako, mvuke wake unaweza kukitia manjano kioo cha jirani kisichohusika. Hayo yote, hata hivyo, yanazuilika kwa nidhamu ya karakana, bila kununua tanuri jipya.

Shaba ndiyo inayoweza kudai tanuri jipya. Friedrich Egermann, fundi wa Bohemia, sehemu ya Ucheki ya leo, aliyeishi kati ya mwaka 1777 na 1864, alifanya majaribio ya miaka mingi kabla ya kuufikia wekundu wake katika miaka ya 1830, baada ya kuwa tayari ameshaimudu njia ya fedha kwenye vyombo. Utaratibu uliotokana na kazi ya aina hiyo una hatua tatu za moto. Kwanza, kiwanja cha shaba, kwa mfano kile kitokanacho na mrututu (chumvi ya buluu ya shaba), hupakwa pamoja na udongo kama ilivyo kwa fedha, na kioo huchomwa ili ioni ziingie. Kikitoka huwa na rangi ya kijani au manjano isiyovutia. Pili, hurudishwa kwenye moto uliojaa moshi, na hapo hugeuka kuwa cheusi au chenye rangi ya ini. Tatu, huchomwa tena, na ndipo wekundu wa yakuti unapojitokeza. Katika kila hatua kuna nafasi ya kuharibu: moshi ukiwa mdogo, shaba hubaki kijani, ukiwa mwingi, kioo hubaki na weusi usiosafishika, hewa ikiingia mapema wakati wa kupoa, wekundu hurudi nyuma. Atakayefaulu mara ya kwanza amebahatika, na huenda asijue alichokifanya.

Tanuri la umeme lenye nyaya zilizo wazi, ambalo ndilo wengi wanaweza kulinunua, halifai kwa hatua ya pili. Nyaya hizo hudumu kwa sababu ya utando wa oksidi unaozifunika, na moto ulionyimwa oksijeni huula utando huo. Mtu anaweza kukifungia kioo ndani ya sanduku la chuma lenye unga wa mkaa ili moshi ubaki humo, na njia hiyo hupunguza madhara kwa nyaya, lakini inaleta hatari ya gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua. Chumba kisicho na madirisha makubwa yaliyo wazi, au bora zaidi bomba la kutolea hewa nje, si mahali pa kazi ya shaba. Tanuri la gesi lenye mlango wa kurekebisha hewa, kama lile la wafinyanzi, liko karibu zaidi na mahitaji yake.

Mbona basi watu waliivumilia? Kwa sababu matokeo yake yana faida ambayo kioo chekundu kizima hakina. Safu ya shaba ni nyembamba sana, na mchongaji akiikata kwa gurudumu hufikia kioo cheupe mara moja, hivyo picha ya mnyama kama paa au ya msitu hutokea nyeupe katikati ya wekundu. Bilauri na vikombe vya Bohemia vya karne ya 19 vilijengewa sifa juu ya ukinzano huo. Fedha nayo huchongwa hivyo hivyo, lakini manjano juu ya nyeupe hayamshtui mtazamaji kama wekundu unavyomshtua.

Kwa dirisha, naona shaba ya kupenyeza haina hoja ya nguvu. Wekundu wa madirisha tangu Enzi za Kati ulipatikana kwa shaba iliyoyeyushwa pamoja na kioo, na kwa kuwa rangi hiyo ilikuwa nzito kiasi cha kuzuia mwanga, mafundi waliitandaza kama tabaka jembamba juu ya kioo cheupe kilipokuwa bado cha moto. Kioo cha tabaka mbili cha namna hiyo bado hutengenezwa, na tabaka jekundu linaweza kuondolewa mahali panapotakiwa kwa asidi au kwa kupulizia mchanga. Anayehitaji wekundu kwenye dirisha anunue hicho, aipake fedha upande mweupe iwapo anataka na manjano, na aachane na moshi.

Wapo watakaouliza kuhusu dhahabu. Wekundu wa dhahabu ni mzuri kuliko wote, wenye uwaridi ambao shaba haiufikii, lakini hauji kwa kupakwa. Johann Kunckel, mkemia Mjerumani aliyefanya kazi Potsdam katika miaka ya 1680, aliiyeyusha dhahabu pamoja na kioo. Kioo hicho hutoka bila rangi, na hupata wekundu kikipashwa joto mara ya pili, chembe za dhahabu zinapokua. Ni kazi ya mwenye tanuru la kuyeyushia. Rangi za enameli, ambazo ni unga wa kioo chenye rangi unaochomwa juu ya kioo kingine, hutoa kila rangi, lakini hukaa juu badala ya ndani, na madirisha mengi ya karne ya 16 na 17 yamebanduka kwa sababu hiyo. Potasiamu, kwa upande wake, huingia kwa mlango uleule wa sodiamu pale kioo kinapozamishwa kwa saa kadhaa katika shura (naitreti ya potasiamu) iliyoyeyuka, kwenye joto la karibu nyuzi 400, ila haileti rangi yoyote: kwa kuwa ioni yake ni kubwa kuliko nafasi iliyoachwa, huubana uso wa kioo na kuufanya mgumu kuvunjika. Vioo vya simu huimarishwa hivyo. Nimeitaja kwa sababu anayetafuta habari za metali kupenya kwenye kioo hukutana nayo na kudhani ni shindano moja na fedha. Lengo lake ni jingine kabisa.

Aina ya kioo nayo inaweza kumaliza mjadala kabla haujaanza. Vyombo vya maabara na vya kupikia vya borosilikati vina sodiamu kidogo, hivyo nafasi za kubadilishana ni chache na rangi hutoka hafifu. Kioo cha silika tupu hakina nafasi hizo kabisa. Kioo cha dirisha na cha chupa ndicho kinachofaa kwa metali zote mbili. Chupa za kijani zina chuma kingi, na fedha huitikia haraka humo, lakini kijani na manjano vikikutana hutoa rangi ya zeituni ambayo si kila mtu anaitaka.

Mwenye tanuri dogo la umeme na kazi ya madirisha au paneli achukue fedha bila kusita. Mwenye tanuri la gesi, aliyezoea moto wa moshi kutokana na ufinyanzi, na anayetaka vyombo vya kuchongwa, anaweza kuipa shaba msimu mmoja wa majaribio, akijua kwamba vikombe vingi vya mwanzo vitaharibika. Bei ya metali haipaswi kumwongoza: fedha ni ghali kwa gramu, lakini dirisha moja hula kiasi kidogo sana, wakati shaba ya bei nafuu hula mafuta ya kuchoma mara tatu na vioo vinavyotupwa.

Kwa yeyote kati yao, kazi ya kwanza tanurini iwe vipande vidogo kumi au kumi na viwili vilivyokatwa kutoka kwenye karatasi ileile ya kioo itakayotumika. Nusu vipakwe upande wa bati na nusu upande wa hewa, kila jozi ichomwe kwa joto linalopishana nyuzi kumi na tano hivi na jozi iliyotangulia, na joto, muda na upande viandikwe ukingoni kwa ncha ya almasi, kwa sababu kalamu ya wino haivuki moto huo.